Mashini Ina Mazoea

Diski ya zamani ni giga mia na ishirini,
imejaa hadi kooni.
Kila asubuhi mashini inanilalamikia kwa rangi nyekundu:
nafasi haitoshi, futa kitu.
Nifute nini, mimi Kahindo, mpiga chapa wa Katindo,
mwenye tasnifu za watu arobaini,
madai ya mishahara, matangazo ya vifo,
na picha za mtoto kabla hajaota jino?

Basi nikanunua diski ya pili, giga mia tano,
nyembamba kama biskuti,
kwa dola ambazo mume wangu anadhani ni za bati.
Byamungu wa Birere akafungua tumbo la mashini,
akapuliza vumbi jeusi
(mji huu hata feni inakula mlima),
skrubu tisa akazilaza ndani ya kizibo cha bia.
"Tundu la pili lipo," akasema, "lilikuwa linangoja tu.
Miaka sita unalala sebuleni na chumba kipo."

Tena akanionya: usinakili mafaili peke yake.
Mafaili ni vyombo. Mfumo ndio nyumba,
mlango na ufunguo wake, swichi unayoipapasa gizani
na mkono ukaikuta.

Tukaanza saa nane. Asilimia moja. Mbili.
Saa tisa na robo umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna kwa sauti moja,
kwa kinyozi wa jirani mtu akabaki na kichwa nusu.

Moja ngazi inapanda, ni ya diski, kiooni,
Ya betri inajipinda, yatelemka shimoni,
Sitini na tano yenda, ya pili ni thelathini,
Byamungu hasemi neno, kidole kipo kinywani.

Napunguza mwanga wake, nazima hata sauti,
Naomba isizimike hapa hapa katikati,
Mwenye kuhama afike, mzima, si kwa bahati,
Tisini na tisa. Mia. Betri imebaki nne.

Nilidhani tumemaliza.
Usiku nikaiwasha nyumbani:
ikaamka kule kule, kwenye diski ya zamani,
na nyekundu yake ile ile.
Nikampigia Byamungu. Akacheka.
"Mashini ina mazoea, mama.
Bonyeza F mbili kabla haijafumbua macho,
uiambie ianzie wapi."

Ina mazoea.
Mwaka lava iliposhuka Buhene ikameza nyumba yetu
tulipata nyingine Mugunga, vyumba vitatu, bomba karibu,
na mwezi mzima, kila nikitoka sokoni,
miguu ilinipeleka kaskazini
hadi barabara ilipoishia kwenye jiwe jeusi, bado lina joto,
nimesimama na sambaza mfukoni, zinaanza kunuka.
Hakuna aliyejua pa kunibonyeza.

Sasa inawaka kwa sekunde kumi na moja.
Nafasi iliyo wazi: giga mia tatu na themanini.
Sijui niweke nini.
Nimefungua folda, nimeiita Ukumbi,
nimeiacha tupu, napita humo mara moja moja.

Byamungu alisema ile ya zamani nisiifute haraka,
nikae nayo juma moja, mambo yakitulia niisafishe.
Hili ni juma la tatu.
Mashini inaniuliza kama nina uhakika.
Mule ndani kuna picha ya mlango wa Buhene.
Nakala ninayo, nimeilinganisha,
ni ile ile, hata tarehe, hata ufa wa kizingiti.

Nabonyeza Hapana.

Kesho kuna mtu wa kilimo analeta kurasa themanini,
magonjwa ya migomba, mwandiko kama wa kuku.
Anasema amesikia mashini yangu siku hizi ni nyepesi.